Kufuli Kwenye Bomba la Mama Mkwe

Jina alilopewa na wazazi wake lilijulikana kwa mkewe na kwa watu wa ofisini tu. Mtaani wote walimwita Tone, watoto kwa wakubwa, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kupita karibu na bomba linalovuja bila kusimama.

Kazi yake ilikuwa umwagiliaji wa bustani. Si mashamba, bali nyasi za mbele ya maofisi, viwanja vya shule, ua wa hospitali na bustani za watu wenye nafasi. Akiulizwa anafanya nini hasa, alijibu kwamba analipwa kuwazuia watu wasinyweshe barabara. Na kweli ndivyo alivyokuta karibu kila alikoitwa: vinyunyizio vilivyopinda vikawa vinaosha ukuta, saa ya kufungulia maji iliyowekwa ifungue jua likiwa utosini, maji yanayomwagika kwenye nyasi huku mvua inanyesha. Tone alitandaza vikombe vya plastiki kwenye nyasi, akafungua maji, kisha akapita akilinganisha kikombe kilichojaa na kilichobaki kikavu. Wenye nyumba walidhani anaandaa sherehe. Baada ya hapo alibadilisha vichwa vya vinyunyizio, akahamishia umwagiliaji alfajiri, akatandaza majani makavu kwenye udongo, na penye maua akafukia mipira myembamba inayodondosha maji taratibu kwenye shina. Mimea alizoea kuipanga kama wageni wa karamu. "Huyu hanywi," angesema akiushika mmea wenye majani manene, "mmemkalisha na mlevi. Hapa lazima mmoja afe."

Alifanya kazi pamoja na mwanamke waliyemwita Spana, kwa sababu ya spana aliyoichomeka kwenye mfuko wa nyuma wa suruali hata siku ya mapumziko. Tone ndiye aliyemfundisha kazi. Somo la kwanza alilompa lilikuwa hili: ukifika kwa mteja anayelalamika kwamba maji yanapotea, usimsikilize anamtaja nani. Funga vali zote, nenda kwenye mita, simama uiangalie. Ikiendelea kuzunguka wakati hakuna aliyefungua maji, kuna bomba linavuja, na anayelaumiwa hana kosa.

Nyumba ya Tone ilikuwa na bustani mbili. Ya mbele ilikuwa yake, na alijivunia: mimea isiyo na kiu, kokoto nyeupe, mipira iliyofukiwa isionekane. Wateja waliletwa kuiona. Ya nyuma ilikuwa ya mama mkwe wake. Mama huyo alihamia kwao baada ya kufiwa na mumewe, akaja na nguo chache na vipande vya mawaridi vilivyopandwa kwenye makopo ya rangi. Uani alikuta udongo mgumu kama sakafu. Aliulainisha kwa maganda ya jikoni, na baada ya muda akawa na mboga, nyanya, pilipili na yale mawaridi yake ukutani. Alimwagilia kwa kopo, akichota kwenye bomba la uani, akizungumza na mimea kwa sauti ya chini. Tone alimwita mama, naye alimwita mwanangu, na kwa kweli hawakuwahi kukwaruzana.

Ukame wa mwaka ule ulipoanza, maji yakawa yanakuja kwa zamu. Idara ya maji iliomba kila mtaa upunguze matumizi, na wakazi wakamchagua Tone awafundishe. Nani mwingine? Alipita nyumba kwa nyumba akiwarekebishia mabomba, akawaonyesha jinsi ya kumwagilia kidogo na mapema, akamwambia jirani mmoja mpenda gari kwamba gari halioti hata likimwagiliwa. Watu walicheka, lakini walimsikiliza. Kichwa kilimvimba kidogo, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Mkutano wa kupima matokeo ulifanyika kwenye darasa la chekechea, ndipo palipopatikana nafasi. Watu wazima walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakiwafika kidevuni. Mwenyekiti wa mtaa, fundi cherehani mwenye sauti nzito, alimkaribisha msoma mita. Yule kijana alisimama akasema matumizi ya mtaa yameshuka vizuri, nyumba zote, isipokuwa moja.

"Ipi?" mtu akauliza.

Msoma mita akasita. "Si lazima kuitaja."

"Itaje tu," alisema Tone kutoka mbele, kwa sauti ya mwalimu. "Hapa hatuoneani haya. Tunasaidiana."

"Ni kwako, fundi."

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha ubaya. Lakini Tone alihisi damu ikimpanda masikioni. Aliona wateja wake wawili wakitazamana. Aliona mwenyekiti akiinama kuficha tabasamu. Na mdomo wake ukatangulia kabla ya akili.

"Ni upande wa nyuma," alisema. "Mama mkwe wangu ana bustani yake. Mnawajua wazee, ukimwambia kopo moja, yeye anasikia kumi. Nilikuwa namvumilia, lakini nitalishughulikia."

Wakacheka tena, safari hii pamoja naye. Mama mkwe alikuwa amekaa dirishani na shoga yake, bibi mmoja muuza vitambaa. Alishusha macho akaanza kuikunja ncha ya khanga yake, akaikunja, akaikunjua. Tone aliona. Pia alijua, pale pale aliposimama, kwamba hakuwa amepima chochote.

Nyumbani mkewe alingoja mpaka mama yake akaingia chumbani.

"Ulipima?" alimuuliza.

"Nipime nini? Macho ninayo. Kila asubuhi anachota."

"Nimekuuliza kama ulipima."

"Mimi ni fundi wa maji, mke wangu. Usinifundishe kazi yangu."

Mkewe akageukia vyombo vyake.

Kesho yake Tone alinunua kufuli. Akalifunga kwenye bomba la uani, kwenye kile kipini cha kufungulia, akijiambia kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya mtaa mzima. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake na kopo mkononi.

"Samahani, mama," alisema bila kugeuka. "Ni mpaka mvua zinyeshe."

"Ukiona ni sawa, mwanangu."

Basi yule mama akawa anaimwagilia bustani yake kwa maji aliyosuuzia mboga jikoni. Anabeba beseni, anapita mlango wa nyuma, anayagawa kama dawa. Hayakutosha. Nyanya zikaanguka kwanza. Siku moja Tone alirudi kutoka kazini akakuta uani pamefagiliwa. Kila kitu kilikuwa kimeng'olewa na kupangwa kwa unadhifu kando ya ukuta, na mawaridi yamerudishwa kwenye makopo, yakapelekwa kwa muuza vitambaa. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti, begi miguuni.

"Nakwenda kumsalimia mwanangu wa kiume," alisema. "Sijawaona wajukuu wa kule kitambo."

Hilo halikuwa begi la kwenda kusalimia mtu. Lile kopo la kumwagilia nalo lilikuwa limefungwa juu yake kwa kamba.

Kisha msoma mita akaja tena. Alimkuta Tone getini, akamvuta kando kwa heshima.

"Fundi, sijui niseme nini. Haijashuka. Imepanda."

Tone alikaa na jambo hilo kama mwiba kwenye kidole. Kesho yake walikuwa kwenye ua wa hospitali, yeye na Spana, wanabadilisha vinyunyizio vilivyokuwa vikirusha maji mpaka kwenye madirisha ya wodi. Akamsimulia. Alisema labda mkewe anafua kupita kiasi. Labda jirani amejiunganishia bomba kinyemela. Siku hizi watu hawaaminiki.

Spana aliendelea kukaza kichwa cha kinyunyizio. "Ulifunga vali zote ukaiangalia mita?" aliuliza.

Tone aliokota kinyunyizio cha zamani, akakigeuzageuza mikononi.

Spana akainua uso. Mwanzoni alidhani hakusikika, kisha akaelewa. Hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. "Tone," alisema taratibu, "hicho si ndicho kitu cha kwanza?"

Tone alichukua ruhusa, akaenda nyumbani mchana ule ule. Mkewe alikuwa kazini kwake. Alifunga kila bomba la ndani, akahakikisha choo kimetulia, akachuchumaa mbele ya mita na kufuta vumbi kwenye kioo. Kile kigurudumu kidogo chekundu kilikuwa kinazunguka. Kilizunguka bila haraka, bila wasiwasi, kama mtu anayefanya kazi yake. Akaifunga vali ya upande wa nyuma: kikaendelea. Akaifunga ya mbele, ile ya bustani yake: kikasimama.

Hakufukua sana. Chini ya kokoto nyeupe, pembeni mwa njia, kulikuwa na kiungo alichokigundisha asubuhi moja wageni walipokuwa wanakuja kuiona bustani. Alikumbuka vizuri: hakuusafisha ule mdomo wa bomba, alipaka gundi juu ya mchanga, akafukia haraka kwa sababu gari lilikuwa limeshapiga honi. Tangu siku hiyo maji yalikuwa yakipenya pale na kuzama kwenye kifusi cha zamani cha wajenzi, ambacho kiliyameza yote yasionekane juu. Angemkuta mwanafunzi amegundisha vile, angemfukuza kazini.

Jirani wa gari akapita. "Fundi, unachimba dhahabu?"

"Naangalia mizizi," alisema Tone.

Na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko yote. Alikata kile kiungo, akaweka kipya, akakisafisha na kukigundisha kama inavyotakiwa. Kisha akarudisha mchanga, akarudisha kokoto, akazisawazisha kwa kiganja mpaka pakawa kama hapajaguswa. Akanawa mikono. Mkewe aliporudi alimkuta amekaa sebuleni na gazeti.

Matumizi yakashuka, tena kwa kishindo. Msoma mita akamshika mkono kwa furaha. "Kufuli limefanya kazi, fundi." Habari ikaenea. Dukani mtu mmoja akamwambia, "Wewe mwanaume, umemweza mama mkwe, sisi wenzako tunashindwa." Wanaume waliokuwa pale wakacheka wakampigapiga begani. Tone naye akacheka. Alikisikia kicheko chake mwenyewe kikitoka, kikavu, akatamani ardhi ipasuke. Aliondoka amesahau alichokwenda kununua.

Akisimama jikoni kuchota maji aliona kupitia dirishani ule ua uliofagiliwa, udongo uliokuwa mweusi na laini sasa unaanza kupasuka. Kazini alifundisha watu kutopoteza maji na maneno yakamkwama katikati. Alikwepa kumtazama Spana, ambaye hakumuuliza aligundua nini.

Jioni moja mkewe alikuwa anamenya viazi, naye akakaa mkabala wake na kusema yote: kiungo, gundi, mchanga, kokoto alizozisawazisha. Alizungumza akitazama maganda. Mkewe alimenya mpaka akamaliza kiazi alichokishika.

"Tangu lini umejua?"

Akamwambia.

"Na siku zote hizo umekaa unasifiwa."

"Nilikosa pa kuanzia. Nisamehe."

"Mimi usiniombe," alisema mkewe. "Sikusingiziwa mimi."

Kaka wa mkewe aliishi kwenye jengo la ghorofa, juu kabisa, vyumba viwili na kibaraza chembamba cha kuanikia nguo. Tone alipanda ngazi akisema moyoni maneno aliyoyapanga, na mlango ulipofunguliwa yakayeyuka. Mama mkwe alimkaribisha kwa heshima zote. Alimpa kiti kizuri. Alimuuliza habari za kazi, za safari, za afya, akamletea chai kwenye kikombe cha wageni, chenye kisahani. Kwenye nyumba ya Tone yule mama alizoea kumpa chai kwenye kikombe chochote kilicho karibu na kumwambia apulizepulize. Kile kisahani kilimtesa.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi," alisema mwishowe. "Maji hayakuwa yako. Yalikuwa yangu. Bomba langu la mbele lilikuwa linavuja, kiungo nilichokiweka mimi mwenyewe. Wewe hukupoteza hata kopo moja."

Yule mama akaunganisha mikono mapajani.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua linavuja?"

"La kuvuja nitalijuaje, si fundi mimi. Nilijua nachota makopo mangapi. Mtu hujua anachochota." Akakisogeza kile kisahani karibu na Tone. "Nilidhani utakuja kuniuliza. Kila asubuhi nilikuwa nasema, leo ataniuliza."

Kwenye kibaraza, nyuma ya shati za watoto, aliona lile kopo la kumwagilia limewekwa kwenye saruji. Hapakuwa na udongo hata wa kujaza kiganja.

"Rudi nyumbani, mama. Nakuomba."

"Ulinisema mbele za watu. Umewaambia hao watu ulichoniambia mimi sasa hivi?"

"Bado."

"Basi na mimi bado," alisema, akamwongezea chai.

Mkutano uliofuata ulikuwa kwenye darasa lile lile la chekechea. Mwenyekiti alimwomba Tone aeleze jinsi nyumba yake ilivyofanikiwa, wengine wajifunze. Tone alisimama. Alieleza kwa mkato, kwa sababu alipojaribu kuremba alijisikia anaanza kujitetea. Alisema bomba lilikuwa lake, kosa lilikuwa lake, kwamba alimtaja mama mkwe wake bila kupima, na kwamba baada ya kugundua alifukia akakaa kimya akipokea sifa.

Kwanza watu walicheka, wakidhani ni moja ya mizaha yake. Kicheko kikafa chenyewe, mstari kwa mstari, mpaka nyuma.

"Kwa hiyo mtaalamu wetu ndiye aliyekuwa anavujisha," alisema jirani wa gari.

"Ndiyo mimi."

Muuza vitambaa, yule shoga wa mama mkwe, aliinua mkono kama mwanafunzi. "Na kufuli?"

"Nimelitoa, mama."

"Ulilitoa lini?"

"Leo asubuhi."

Hakuna aliyecheka. Bibi yule alimtazama kwa muda, kisha akageuza uso kuelekea dirishani. Tone alitaka kukaa, lakini kiti chake kidogo kilikuwa kimesukumwa pembeni, na ikambidi akitafute kwa mguu huku watu wote wanamwangalia. Mwenyekiti akakohoa, akasema tuendelee na ajenda.

Baadhi ya watu waliacha kumwita wakati wa shida zao za mabomba. Wengine waliendelea kumwita, lakini mizaha ilipungua, na yeye mwenyewe aliianzisha mara chache. Vijana wa dukani walimbatiza jina lingine, Kufuli. Halikushika sana, ila lilishika vya kutosha.

Mama mkwe alirudi. Bintiye ndiye aliyekwenda kumchukua. Muuza vitambaa alileta mawaridi kwenye makopo yake, mengine yamekauka, mengine yana vichipukizi. Kwa muda mrefu yule mama hakupanda kitu. Makopo yalikaa mstari mmoja ukutani, na bomba la uani likawa wazi, halichotwi. Tone alipojaribu kumwambia kwamba angeweza kumtandazia mipira ya matone kule nyuma, kazi ya siku moja tu, asiinue tena kopo zito, mama alimshukuru akasema ataangalia. Alimsalimia vizuri, alimjibu vizuri. Neno mwanangu lilirudi, lakini lilichelewa kidogo kila mara, kama mtu anayelitafuta mfukoni.

Mvua za kwanza zilipita. Asubuhi moja ya mapumziko Tone alisikia sauti uani, akachungulia dirisha la jikoni. Spana alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, vifaa vimemzunguka. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamwonyesha kwa kidole: hapa nyanya, hapa mboga, kule ukutani mawaridi, yale hayataki maji ya juu.

"Nani amemwita?" Tone alimnong'oneza mkewe.

"Mama."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

Mkewe akaendelea kuchagua mchele.

Tone alibaki dirishani. Spana alisafisha mdomo wa bomba kwa kitambaa, akaukagua kwa kuuelekeza kwenye mwanga, akaufuta tena, ndipo akapaka gundi. Akashika kiungo kwa utulivu mpaka kikakauka. Kabla ya kufukia alimwomba mama afungue maji, wakaangalia wote wawili kama kuna jasho popote. Hapakuwa na kitu. Matone yakaanza kudondoka kwenye kila shina, madogo, kwa mpangilio, na udongo ukawa unabadilika rangi taratibu, duara moja baada ya jingine.

Ilikuwa kazi safi. Tone hakuona cha kurekebisha. Spana alipoinuka kunyoosha mgongo akamwona dirishani, akapunga mkono mara moja, kwa aibu, kama kwamba yeye ndiye aliyekosea. Tone alimpungia naye. Kisha akabandika maji ya chai, akatoa vikombe vitatu, akasimama na mkono juu ya kitasa cha mlango wa nyuma, akijiuliza kama anaruhusiwa kutoka.